Ogliastra kituo kwa kituo: kuwatafuta waliotimiza miaka mia kwenye milima ya Sardinia

Simulizi hii imeunganishwa baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari la kazi, risiti na picha za simu. Safari ilikuwa ya utafiti: Ogliastra, upande wa mashariki wa kisiwa cha Sardinia, Italia. Mwaka 2004 watafiti Gianni Pes, Michel Poulain na wenzao walichapisha ramani ya vijiji vya huko vilivyozidi kwa wakongwe. Wingi wenyewe haukuwa jambo la ajabu kuliko yote. La ajabu lilikuwa kwamba wanaume waliotimiza miaka 100 walikaribiana kwa idadi na wanawake, wakati kwingine duniani wanawake huwazidi mara nne, mara tano au zaidi. Anayepanga kazi ya namna hii atakuta humu njia, bei, na mambo yanayoharibika yasipoangaliwa mapema.

Jumapili: Cagliari hadi Tortolì

Gari dogo la kukodi lilichukuliwa uwanja wa ndege wa Elmas kwa euro 41 kwa siku, bima kamili ndani yake. Mabasi yapo, lakini Jumapili ni machache, na kwenda nayo kijiji hadi kijiji ni kupoteza nusu ya siku ya kazi. Njia ni SS125 mpya kupitia Muravera, kama kilomita 140, saa mbili kwa mwendo wa kawaida. SS125 ya zamani ina mandhari nzuri zaidi, ila kona zake hazimfai mtu aliyebeba sanduku la vyombo vya kioo nyuma.

Jaza mafuta Tortolì. Huko juu vituo ni vichache, na mchana mhudumu akienda kula inabaki mashine ambayo kadi nyingine za kigeni inazitema. Noti za euro 10 na 20 ziwe mfukoni. Chumba na kifungua kinywa kilikuwa euro 58.

Jumatatu: Villagrande Strisaili, daftari la vizazi

Kutoka usawa wa bahari hadi kama mita 700 ni mwendo wa nusu saa wa kupanda tu. Ofisi ya manispaa iliandikwa kufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi; karani alifika saa tatu kasoro, akaomba radhi, akaleta kahawa kutoka baa ya jirani. Kahawa euro 1.20, na alikataa kurudishiwa.

Kazi huanzia hapa, si kwenye damu. Umri usiothibitishwa ukiingia kwenye jedwali, kila kinachofuata, jeni na chakula pamoja, ni hesabu ya hewa. Mwaka 2010 Japani iligundua kwamba zaidi ya watu 230,000 waliokuwa hai kwenye daftari wakiwa na miaka 100 na kuendelea hawakujulikana walipo; uchunguzi ulianza baada ya mwanamume wa Tokyo aliyedhaniwa ana miaka 111 kukutwa amekufa tangu miaka kama 30 nyuma. Marekani nayo, mtafiti Saul Newman ameonyesha kwamba idadi ya watu wa miaka 110 na zaidi ilishuka sana majimbo yalipoanza kuandikisha vizazi vizuri. Hata rekodi ya Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, miaka 122 na siku 164, yenye karatasi nyingi kuliko zote, ilipingwa na watafiti wa Urusi mwaka 2018, ingawa wataalamu wengi bado wanaikubali.

Italia ina bahati ya daftari la kiraia tangu mwaka 1866. Sheria inaruhusu mtu yeyote kuomba nakala ya cheti kilichotimiza miaka 70, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha mkongwe kinapatikana bila mzozo. Cheti cha kifo cha karibuni ni habari nyingine: kinahitaji barua yenye sababu. Njoo na barua ya kamati ya maadili iliyotafsiriwa Kiitaliano, na stempu za serikali za euro 16, ambazo huuzwa kwenye duka la tumbaku, si ofisini.

Mtego mkubwa kuliko yote ni jina la marehemu. Mtoto akifa mchanga, anayefuata hupewa jina lile lile. Ukishika cheti cha kwanza cha jina unalotafuta, umemwongezea mtu miaka miwili au mitatu asiyoishi. Dawa yake ni kuandika uzazi wote wa mama: kila mtoto, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa kama ipo. Nafasi chini ya miezi tisa kati ya watoto wasio mapacha ni ya kutiliwa shaka. Nafasi ya miaka minne au mitano, huenda kuna mtoto hujamwona. Mama aliyezidi miaka 48 siku ya kujifungua, rudi mwanzo.

Vijiji hivi vina majina machache ya ukoo, na watu wawili wa jina moja mtaa mmoja si ajabu. Karani alionyesha njia ya mkato: tazama kilichoandikwa kabla ya jina la baba. «Di» maana yake baba alikuwa hai siku hiyo. «Fu» maana yake alishafariki. Mtu wa mwaka 1921 mwenye «di» kwenye cheti cha ndoa hawezi kuwa yule ambaye baba yake alizikwa kabla ya harusi. Wanawake hubaki na jina la ukoo wao kwenye karatasi zote, jambo linalookoa muda mwingi. Kwa wanaume ongeza orodha ya waliostahili jeshi. Iliandaliwa wakiwa vijana, kabla mtu hajawa na sababu ya kujiongezea umri.

Saa saba ofisi ikafungwa. Karani alituacha ndani na daftari mbili mezani, akaenda kula, akarudi na mfuko wa cheri.

Jumanne: parokia

Padre aliomba mambo mawili: mikono iliyooshwa ikakauka, na picha bila mwako. Glavu za pamba hakuzitaka, na ana haki. Vidole vilivyovaa glavu havihisi ukingo wa karatasi, nayo huchanika. Tulipiga picha kwa simu iliyofungwa kwenye kisimamo kifupi, dirisha likiwa upande wa kushoto, kila ukurasa mara mbili.

Kwa nini ubatizo wakati cheti cha kiraia kipo? Mfano uko kwenye picha ya asubuhi ile. Daftari la manispaa linasema mtoto wa kiume alizaliwa tarehe 2 Januari 1923. Daftari la kanisa, kwa wino uliogeuka rangi ya kutu, linasema alibatizwa tarehe 30 Desemba 1922. Ubatizo hautangulii uzazi. Wazazi waliusogeza uandikishaji hadi baada ya mwaka mpya, kama familia nyingi za wakati huo zilivyofanya kwa watoto wa kiume, ili mwito wa jeshi uchelewe mwaka mmoja. Kosa hapa linampunguzia mtu umri, si kumwongezea, lakini linamhamisha kundi la mwaka wa kuzaliwa, na kipimo cha ukongwe hutegemea hilo: idadi ya waliotimiza 100 ikigawanywa kwa wote waliozaliwa kijijini mwaka ule. Kugawanya kwa wakazi wa leo ni kosa, maana vijana wameondoka na kijiji huonekana cha wazee tu.

Tarehe zote za siku kumi za mwanzo wa Januari zikaguliwe kanisani, moja moja.

Sadaka iliachwa kwenye kisanduku. Mchana ulikuwa wa kunakili tu, hauna la kusimulia.

Jumatano: Lotzorai hadi Talana, hojaji za nyumbani

Barabara ya Talana hupinda mlimani mfululizo. Panga dakika 40 na ruhusu mbuzi. Kijiji kiko juu kama mita 680.

Mzee wa huko huitwa tziu, bibi huitwa tzia, kisha jina. Kuingia na «bwana» la Kiitaliano cha ofisini hakutukani mtu, ila mlango hufunguka nusu. Lugha ya nyumbani ni Kisardinia, basi mkalimani wa kijijini ni lazima. Mjukuu anafaa, lakini asiwe wa familia inayohojiwa. Binti wa nyumba huwahi kujibu kwa niaba ya mzazi. Mpe hojaji yake kuhusu afya ya ndugu, aijaze chumba kingine.

Kipimo cha kumbukumbu cha alama 30 humwonea mtu aliyesoma madarasa mawili na asiyesikia vizuri. Beba kikuza sauti cha masikioni cha bei rahisi, uso wako uwe kwenye mwanga, anza asubuhi. Alama rekebisha kwa miaka ya shule. Tumeona taarifa zikihesabu uziwi kuwa usahaulifu, na hilo halisameheki.

Swali lenye faida kuliko mengine: ugonjwa mkubwa wa kwanza ulikuja na umri gani? Utafiti wa wakongwe wa New England, ulioanzishwa na Thomas Perls mwaka 1995, uliwagawa watu wake mafungu matatu: waliougua kabla ya miaka 80 na kuendelea kuishi, waliougua baada ya 80, na waliofika 100 bila ugonjwa wowote mkubwa wa uzeeni. Fungu la mwisho lilikuwa asilimia 32 ya wanaume na asilimia 15 tu ya wanawake. Wanaume hufika wachache, lakini waliofika huwa imara zaidi. Unaposoma vijiji ambavyo wanaume ni wengi, kumbuka hilo kabla hujasifia hewa ya mlimani.

Kuhusu chakula, usimuulize mtu wa miaka 101 alikula maharage mara ngapi kwa wiki akiwa na 30. Uliza vitu vyenye idadi: familia ilikuwa na mbuzi wangapi, unga kiasi gani kila mkate ulipookwa, nyama ilikuwa ya kila wiki au ya sikukuu, tambi za dukani ziliingia lini. Majibu yanashikamana, na ndugu wanaweza kuyathibitisha kila mmoja kwa wakati wake.

Tuliondoka na pistoccu, ule mkate mkavu mnene unaolowekwa maji kabla ya kuliwa, na kipande cha jibini la mbuzi lenye uchachu. Kukataa haiwezekani. Chakula cha jioni kilikuwa culurgiones, vifuko vya viazi, jibini na nanaa vilivyofungwa kwa mshono wa suke la ngano, euro 12 sahani.

Alhamisi: Lanusei, damu

Bonde hili limezoea watafiti. Tangu mwaka 2001 mradi wa SardiNIA, wa utafiti wa jeni na uzee, umewaandikisha zaidi ya watu 6,000 wa Lanusei, Arzana, Ilbono na Elini, zaidi ya nusu ya wakazi wote. Watu wanajua nini cha kuuliza: damu itakwenda wapi, na majibu yatarudi lini. Uwe na jibu la yote mawili.

Mishipa ya mkongwe huteleza na kupasuka. Mkono upashwe joto kwa kitambaa dakika tano, bendi ilegezwe na isizidi dakika moja, sindano ya kipepeo ya geji 23, na chupa ndogo zenye mvuto mdogo. Chupa kubwa hunyonya kwa nguvu, mshipa unajikunja, chembe nyekundu zinapasuka. Seramu, yaani maji ya damu yanayobaki ikishaganda, inatoka ya waridi na potasiamu inasoma juu uongo. Mililita 15 kwa jumla zinatosha. Chupa ya EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, ile ya kifuniko cha zambarau, ndiyo ya DNA: igeuzwe taratibu mara nane hadi kumi, isitikiswe, na hukaa salama siku kadhaa kwenye nyuzi 4. Ya seramu iachwe igande dakika 30, kisha izungushwe dakika 10. Ikicheleweshwa, chembe huendelea kula sukari, na glukosi hushuka kama asilimia 5 hadi 7 kila saa. Ndiyo sababu mashine ya kuzungusha damu ilisafiri ndani ya gari, na kila nyumba iliombwa plagi moja.

Mate ni njia mbadala kwa anayekataa sindano, lakini kinywa cha mzee huwa kikavu, na dawa za shinikizo hukikausha zaidi. Asile wala asinywe nusu saa kabla, apewe robo saa ya kujaza, asiharakishwe.

Shinikizo la damu lipimwe amelala, kisha dakika ya kwanza na ya tatu baada ya kusimama, mtu mmoja akiwa nyuma yake. Kushuka kwa 20 namba ya juu au 10 ya chini ni onyo la kuanguka. Lipimwe kabla ya damu kutolewa, si baada.

Ijumaa: hakuna kilichotembea

Msafirishaji wa sampuli hachukui barafu kavu, ile ya gesi ya kaboni iliyogandishwa, siku ya Ijumaa. Siku ikaenda kwenye jedwali na mjadala wa jeni.

Jeni zina uzito gani? Pacha wa Denmark waliozaliwa 1870 hadi 1900 walitoa jibu mwaka 1996: karibu robo ya tofauti za urefu wa maisha. Mwaka 2018 uchambuzi wa miti ya ukoo ya mamilioni ya watu ulishusha hadi chini ya asilimia 10, ukionyesha kwamba hata wakwe hufanana urefu wa maisha, kwa kuwa watu huoana na wanaofanana nao. Lakini hizo ni hesabu za watu wote. Ukipanda kileleni mambo hubadilika: katika takwimu za Marekani zilizotolewa mwaka 2002, ndugu wa kiume wa mtu aliyetimiza 100 alikuwa na nafasi mara 17 ya kufika huko kuliko wenzake wa mwaka mmoja, na wa kike mara 8. Kwa hiyo «jeni hazina maana» na «ni damu tu» ni majibu ya maswali mawili tofauti.

Kati ya jeni, APOE, inayohusika na kubeba mafuta mwilini, ndiyo inayojirudia kila mahali: aina ya e4 hupungua kwa wakongwe, e2 huongezeka. Jeni nyingine, FOXO3, ilijitokeza mwaka 2008 kwa wanaume wa asili ya Kijapani wa Hawaii. Mtego wa Sardinia ni kwamba e4 ni adimu kisiwani kote kuliko Ulaya ya kaskazini. Ukilinganisha wakongwe wa Ogliastra na vijana wa Denmark utagundua Sardinia, hutagundua ukongwe. Kulinganisha ndani ya bonde nako kuna shida yake, kwa sababu kijiji na kijiji hutofautiana vinasaba kwa karne za kujitenga.

Tena, watu wa rika la wakongwe wa kulinganisha nao wamezikwa. Njia tunayoiamini ni watoto: watoto wa wakongwe, wenye miaka 65 hadi 80, dhidi ya majirani wa umri huo ambao wazazi wao walikufa umri wa kawaida. Wako hai, wanakumbuka, na damu yao bado haijabadilishwa na uzee wa mwisho.

Jumamosi: Perdasdefogu

Saa moja na ushee kupitia Jerzu, mashamba ya Cannonau, zabibu nyeusi za mvinyo, pande zote. Kijiji hiki kiliingia kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2012 kwa ndugu tisa wa familia ya Melis, waliokuwa na jumla ya miaka 818.

Hapa fomu ya ridhaa husomwa mstari kwa mstari, na kuna sababu. Kampuni iliyokuwa na sampuli na taarifa za maelfu ya watu wa Ogliastra ilifilisika, na mwaka 2016 mali yake ikauzwa kwa kampuni ya Uingereza kwa euro 258,000. Waliotoa damu hawakuulizwa. Mamlaka ya faragha ya Italia ikazuia matumizi ya taarifa hizo, kesi zikafuata. Fomu yetu ilisema wazi: nani anamiliki sampuli, mradi ukifa ziende wapi, na mtu ataondokaje. Bibi mmoja alitaka kifungu cha mauzo kiandikwe kwa herufi kubwa. Kikaandikwa pale pale kwa kalamu, akatia sahihi, akaagiza kahawa kwa wote.

Vipimo vya nguvu: kushika dainamometa, kipima nguvu ya mkono, mara tatu kila upande, kiwiko kwenye nyuzi 90, chukua kilicho juu. Kutembea mita nne kwa mwendo wa kawaida, na mita moja ya kuanzia kabla ya saa kuhesabu. Kwa wenye mgongo uliopinda, urefu ukadirie kwa goti, vinginevyo uwiano wa uzito kwa urefu hupanda bure. Kihesabu hatua kifungwe kifundo cha mguu. Kiunoni hakioni hatua za polepole, na mkononi mkongojo unakidanganya.

Jumapili: Baunei, kisha kipito cha mlimani cha Genna Silana

Nguruwe barabarani, ukungu, na upeo wa mita 1,017. Hii ni siku ya kutazama ardhi, na sisi tunaona ndiyo iliyobeba jibu kubwa. Mwaka 2013 Pes na wenzake walipima ni nini kinaendana na ukongwe wa wanaume kijiji kwa kijiji. Vilivyojitokeza ni ufugaji, mwinamo wa ardhi, na umbali wa kwenda kazini. Vyakula walivyovipima havikuonyesha uhusiano. Mvinyo na jibini hupata picha nzuri magazetini. Mteremko haupigwi picha.

Mchungaji wa zamani alishuka na kundi nyanda za pwani majira ya baridi na kupanda tena kiangazi. Kupima njia kama hiyo usitumie umbali wa ramani: tembea na kipokezi cha satelaiti, hesabu mita za kupanda. Na usisahau malaria. Nyanda za chini ziliuguza watu hadi kampeni ya DDT, dawa ya kuua mbu, ya 1946 hadi 1950; milimani mbu walikuwa wachache. Aliyezaliwa juu mwaka 1920 alianza maisha na mzigo mwepesi kuliko mwenzake wa pwani, na hojaji ya chakula haitaliona hilo.

Jumatatu: kurudi Cagliari

Barafu kavu kilo 10 kwenye sanduku la povu, tabaka tatu za ufungaji, lebo ya UN3373 ya sampuli na UN1845 ya barafu yenyewe. Usifunge sanduku pasipitishe hewa, gesi inalipasua. Dereva alifika saa nne badala ya saa mbili, kwa hiyo kilo tatu za akiba zilikuwa na kazi. Wengi hununua barafu ya kutosha safari tu na kusahau kwamba sanduku hukaa pia ghalani.

Kabla ya kuondoka, manispaa na parokia waliachiwa nakala ya picha zote kwenye diski, na kila nyumba majibu ya shinikizo na sukari yaliyosainiwa na daktari. Majibu ya jeni hayaahidiwi, na fomu inasema hivyo. Gari lilirudishwa na mchubuko kwenye bampa wa nguruwe wa Genna Silana, bima ililipa.